MREJESHO: Bomba la bafuni linalopiga shoti, nyumba ya kupanga Mwanga, Kigoma

Wakuu, habari za leo. Ni mimi niliyewauliza kuhusu bomba la bafuni kupiga shoti na choo kilichojaa, huku mwenye nyumba akisema "hilo la wapangaji". Asanteni sana wote mlionijibu.

Nilianza na ushauri wenu wa kuita fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya kudhibiti nishati na maji), si yule wa kijiweni. Kumbe waya wa taa ya bafuni ulichubuka ukawa unagusa bomba la chuma. Tukatoka nje: ile fimbo ya shaba ya kupeleka umeme ardhini haipo, kimebaki kipande cha waya kinaning'inia ukutani. Nadhani iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Amebadilisha waya, kachimbia fimbo mpya, kafunga na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Sasa watoto wanaoga bila kuvaa ndala.

Gharama nililipa mimi, ila tuliandikishana kwanza na mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba itakatwa kwenye kodi. Aliyenishauri hilo Mungu ambariki, maana mzee alishaanza kukana.

Choo bado. Bwana afya wa kata alikuja, akamwachia mwenye nyumba notisi kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Yeye kamwaga majivu, basi. Gari la kunyonya halijaonekana na masika ndiyo haya. Nimerudi kwa bwana afya, kasema hatua inayofuata ni mahakamani.