Naomba ushauri: veena na ganuni kwenye maqam Rast

Wadau wa muziki, hamjambo? Mie napiga ganuni (ala ya nyuzi nyingi ya taarab), Unguja. Kuna mpiga veena (ala ya nyuzi ya India Kusini) wa Chennai, kalelewa na Carnatic tupu (muziki wa jadi wa huko kwao), anataka tuchanganye raga, yaani mipangilio yao ya sauti, na taarab. Tunakwama kwenye Rast, moja ya maqam (mipangilio ya sauti ya Kiarabu). Veena yake ina vizuizi 24 vya shaba vya kubania waya, vilivyokitwa kwenye nta, nusu toni kwa nusu toni, na sauti ya tatu ya Rast inaangukia katikati ya vizuizi viwili. Anavuta waya pembeni mpaka anaipata, ila haitulii, inayumba (kwao huo ndio utamu). Nimfuate kwa vile vikono vya ganuni vya kupandisha na kushusha sauti, au tuhamie maqam Nahawandi, iliyo karibu sawa na raga Kiravani yao? Na dumbaki (ngoma yetu ya taarab) inakaaje na mridangamu (ngoma yao ya Carnatic)? Zikianza pamoja zinagombana.