Bunduki ya samaki: kosa liko kwenye mtungi au kwenye mshale?

Mtoa mada: Tanzania Bara sheria inakataza kuvua kwa mtungi wa gesi, ule wa kupumulia chini ya maji. Kenya mwaka 2001 ilipiga marufuku bunduki yenyewe, mzamiaji awe na mtungi au pumzi zake tu. Mimi naona Bara ndiyo walioshika penyewe.

Bunduki tunazijua: gogo, mpira na chuma kilichonolewa. Anayezamia kwa pumzi hukaa chini dakika moja, mbili akiwa hodari, kisha lazima apande. Chewa akiingia pangoni mita thelathini amesalimika. Mvalishe mtu mtungi uone: anatulia mlangoni pa pango kama mgeni aliyeitwa. Usiku ndiyo balaa. Pono hulala, wengine wamejifunika utando wa ute wao, na mwenye tochi anawaokota kama maembe yaliyodondoka. Samoa ya Marekani walikataza mtungi kwa wapiga mishale mwaka huohuo wa 2001, wavuvi wa pumzi wakaachwa.

Tena chewa wa aina nyingi huanza maisha majike, wakikua ndipo hugeuka madume. Mwenye mtungi ana muda wa kuchagua, na huchagua wakubwa. Mtaa unabaki na wajane.

Mchangiaji wa Kwale: Ndugu yangu, hiyo pumzi waisifu kupita kiasi. Huku kwetu bunduki ni ya kijana asiye na chombo. Maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, anatembea hadi mwambani na kuzamia maji ya mita tatu. Samaki atakimbilia kina gani hapo? Na mshale ukikosa wagonga matumbawe. Huyo hajawahi hata kuushika mtungi, na mwamba umekwisha.

Mtoa mada: Hapo umenishika. Kipimo cha pumzi kinafaa maji marefu, sikufikiria mwambani. Lakini huyo kijana ukimnyang'anya bunduki atashika nini? Juya la kukokota, linalozoa hadi vitoto? Mwenye bunduki angalau anamwona anayemuua.

Mchangiaji mwingine: Msiulaani mtungi moja kwa moja. Florida wanawahimiza wazamiaji wa mitungi wawachome samaki-simba, wale wa miiba ya sumu wenye asili ya bahari zetu hizi, ambao kule ni wavamizi na wanamaliza samaki wa wenyewe.

Mtoa mada: Kule wanataka amalizwe, mzee. Sisi chewa tunamtaka mwakani pia. Nabaki palepale: mtungi hapana, kokote. Bunduki ya pumzi iruhusiwe maji marefu, na mipaka ya mwambani waiweke BMU wenyewe, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, maana Dodoma na Nairobi hawalijui bamvua.

Mchangiaji wa Kwale: BMU ya kwetu nusu yao ni wenye bunduki. Wataweka mpaka wapi?