Mjadala: Asiyeumwa tumbo naye apimwe H. pylori na apewe dozi?

Tumbo_Joto (mleta mada): Wakuu, hili limenikaa kichwani siku kadhaa. IARC, taasisi ya WHO inayotafiti saratani, mwaka 2025 imetoa ripoti ikizipa nchi mwongozo wa kuwapima H. pylori, yaani bakteria anayeishi tumboni, watu wazima walio na afya zao, na atakayekutwa naye atibiwe hata kama hasikii chochote. Hoja yao ni kwamba bakteria huyu ndiye chanzo cha sehemu kubwa ya saratani za tumbo, na tangu 1994 wamemweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Sasa, karibu nusu ya binadamu wanaye, na wengi wanaishi naye hadi wanazikwa bila kuugua. Wote hao tuwamezeshe antibiotiki? Mimi nasema hapana. Nibadilisheni mawazo.

BintiHeri: Wapimwe. Visiwa vya Matsu, Taiwan, walianza kupima na kutibu watu kwa jumla mwaka 2004, na saratani ya tumbo ikashuka zaidi ya nusu. Unataka nini tena?

Kifaurongo: Mnahangaika na bakteria wakati tatizo lipo dirishani pa duka la dawa. Ukifika ukasema "nina vidonda vya tumbo", muuza dawa anakupimia omeprazoli, dawa ya asidi, kama peremende, hata hakuulizi panauma wapi. Hao ndio wameleta usugu, bakteria hawasikii dawa tena, kisha leo tunaambiwa tupimwe wote.

Dozi_Kamili: "Muuza dawa" ni nani, mkuu? Mimi ni mfamasia, nimeisomea hii kazi. Na omeprazoli si antibiotiki. Inapunguza asidi tu, hiyo haileti usugu wa bakteria. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Kifaurongo: Haya, kwenye usugu nimeteleza. Lakini umejibu neno, hoja umeiruka. Omeprazoli inaficha. Mtu ameimeza mwezi mzima, anaenda kupuliza kipimo cha pumzi, majibu yanatoka safi kumbe bakteria wamejaa tele. Inatakiwa aiache wiki mbili kabla ya kipimo. Nani kati yenu huko dirishani anamwambia mteja hivyo?

Dozi_Kamili: Mimi nawaambia, kila siku. Usugu mnauleta nyie wateja. Mtu anapewa dozi ya siku 14, siku ya nne anaona mdomo una ladha ya chuma, anaacha. Ndiyo maana klarithromisini, antibiotiki ya bakteria huyu, imekufa nguvu sehemu nyingi. Miongozo inasema usugu wake ukizidi asilimia 15 mahali fulani, usiitumie bila kupima kwanza. Sasa tunarudi kwenye dozi ya dawa nne yenye bismuthi, ambayo ni vidonge vingi kweli kweli. Kuna vonoprazani pia, inazima asidi kwa nguvu kuliko omeprazoli, Marekani waliipitisha kwa bakteria huyu 2022. Lakini dawa mpya haimsaidii anayeacha siku ya nne.

Mzee wa Pembeni: Yule daktari wa Australia alikunywa kikombe kizima cha hao bakteria, akapata vidonda, mwaka uliofuata akapewa Nobel. Nyie mnagombania dirisha.

Mshona_Viraka: Mzee wangu, hapo umepatia Australia tu. Barry Marshall alikunywa 1984. Vidonda hakupata, alipata gastriti, yaani ukuta wa tumbo kuvimba: kichefuchefu, kutapika, mdomo kunuka. Nobel ilikuja 2005, pamoja na Robin Warren. Miaka 21 baadaye.

Mzee wa Pembeni: Gastriti, vidonda, si kitu kimoja? Tumbo linauma.

Mshona_Viraka: Si kitu kimoja hata kidogo! Kwetu Waswahili tumbo likichoma tu, "nina vidonda". Kiungulia, vidonda. Gesi, vidonda. Kidonda ni sehemu ya ukuta iliyolika, na kamera ikishushwa tumboni inakiona. Mwenye asidi inayompanda kooni anaweza asiwe na kidonda wala huyo bakteria, na miaka yote anajiita mgonjwa wa vidonda.

Mzee wa Pembeni: Mimi nina vidonda tangu ujana na sijawahi kushushiwa kamera. Utaniambia sina?

Mshona_Viraka: Nitakuambia hujui, shikamoo yako nikiwa nimeshatoa.

BintiHeri: Nimesema saratani imeshuka zaidi ya nusu, na hakuna hata mmoja aliyenijibu.

Tumbo_Joto: Nakujibu, dada. Matsu saratani hiyo ilikuwa nyingi kupita kawaida, kwa hiyo ina pa kushuka. Angalia utafiti wa Linqu, China, matokeo yalitoka 2024. Watu zaidi ya 180,000, wakafuatiliwa karibu miaka 12. Waliopewa dozi kamili, saratani ilipungua kwa asilimia 14 hivi ukilinganisha na waliopewa dozi hafifu.

BintiHeri: Na wale ambao bakteria waliisha kabisa ilipungua asilimia 19, mbona hiyo hukuiandika? Halafu Linqu nako saratani ya tumbo ni nyingi. Ukiichagua wewe ni ushahidi, nikichagua mimi "ina pa kushuka".

Kifaurongo: Niseme kwa nini nina hasira. Nilipimwa kwa damu, mahali sipataji. Nikaambiwa ninaye, nikapewa dozi. Baada ya miezi sita nikapimwa damu tena, ninaye, nikapewa dozi nyingine. Baadaye sana ndipo mtu akanieleza kuwa kipimo cha damu kinaonyesha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kingamwili hubaki hata bakteria akishaondoka. Ilitakiwa pumzi au choo, angalau wiki nne baada ya dozi. Huenda ile ya pili niliimeza bure. Na watu kama hao ndio mnataka wapime taifa zima?

Dozi_Kamili: Pole sana, ndugu yangu. Ungeanza na hili tusingefikishana huku. Kwa damu kweli ulionewa.

Tumbo_Joto: Jamani, mada ni ASIYEUMWA.

Mzee wa Pembeni: Hiyo kamera inapita mdomoni au puani?

Mshona_Viraka: Mdomoni mara nyingi, mzee. Wanakupulizia ganzi kooni.

Kifaurongo: Dozi_Kamili, asante. Muuza dawa nimelifuta. Swali dogo: nina amoksilini za ile dozi ya kwanza, zimebaki kama kumi na mbili. Nizitupe au bado zinafaa?

Dozi_Kamili: Zimebakije kumi na mbili?