Re: Re: Jina langu, posho ya watoto na dirisha namba 7

Kutoka: Mama Kulwa (Saitama)
Alhamisi, 16 Oktoba 2025, saa 3:14 usiku

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Nimechoka kuzungushwa, naomba msaada. Mwezi wa 7 tulihama Nagoya kuja huku kwa ajili ya kazi yangu. Tenshutsu (taarifa ya kuhama) nilifanya, tennyu (ya kuhamia) nikafanya ndani ya siku 14, jido teate, posho ya watoto, nikaomba siku hiyohiyo. Jana wenzangu wote wameingiziwa. Mimi leo nimepigiwa simu: pesa zimerudi, jina la akaunti haliendani na la kwao. Yen 40,000 za pacha wangu, miezi miwili.

Kisa ni hili jina langu la Ng'washi. Kwenye zairyu kado, kadi ya ukaazi, ni NGWASHI, ritifaa imeliwa. Nagoya walinisajili kwa katakana, herufi zao za majina ya kigeni, ヌワシ, yaani Nuwashi. Benki, tangu nikiwa mwanafunzi, ni ングワシ, Nguwashi. Huku kijana wa dirishani kasoma herufi mojamoja akaniandika エヌグワシ. Enuguwashi! Hata mama yangu akiitwa mama wa huyo atakataa.

Dirisha namba 7 wanasema nikabadilishe benki. Benki wanataka juminhyo (cheti cha usajili wa mkazi) yenye katakana inayolingana. Dirisha namba 3 la juminhyo wanasema jina langu kisheria ni zile herufi za kadi, katakana ni ya matumizi yao ya ndani, haichapwi. Nikarudi namba 7. Yule kijana kainama vizuri kabisa, kasema "zenrei ga arimasen". Haijawahi kutokea, kwa hiyo haiwezekani.

Kuna aliyewahi kurekebisha furigana, hiyo katakana ya kusomea jina? Fomu inaitwaje?

---

Kutoka: Fundi wa Hamamatsu
Alhamisi, 16 Oktoba, saa 4:02 usiku

Pole sana dada. Mimi naitwa Rashidi Juma Rashidi. Wakati nafungua akaunti vijisanduku vya fomu viliisha, nikabaki Rashidi Juma Rashi. Miaka 6 mshahara unaingia kwa Rashi. Siku watu wa nenkin (pensheni) waliponirudishia pesa walimtafuta Rashidi, hawakumpata. Hospitali ndiyo kabisa, wananiita "Juma-san". Mwanzoni nilikuwa nageuka kumtafuta baba.

Chonga hanko ya katakana unayoitaka wewe, uwapigie muhuri. Hawa watu wakiona muhuri wanatulia.

---

Kutoka: Mzee Sefu, Yokohama
Ijumaa, 17 Oktoba, saa 12:20 asubuhi

Marahaba mwanangu. Nyinyi mnalalamikia katakana. Sisi tuliokuja 1991 tulikuwa na gaitoroku, kadi ya usajili wa wageni, na ili uipate unachovya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye wino kama mwizi wa kuku. Mpaka mwaka 2000 ndipo wakaifuta kwa wageni wote, baada ya Wakorea waliozaliwa hapahapa kugoma miaka na miaka, wengine wakafikishwa mahakamani. Halafu 2007 wakairudisha airport, vidole viwili na picha juu. Kwa hiyo tulipumzika miaka 7.

Kuhusu swali lako, nenda na koseki yako, rejista ya familia, jina lisomwe humo.

---

Kutoka: Bi Rehema, Osaka
Ijumaa, 17 Oktoba, saa 2:45 asubuhi

Mzee Sefu, kwa heshima zote, koseki ni ya Wajapani. Mgeni hana koseki. Tangu tarehe 9 Julai 2012 tumo kwenye juminhyo, basi. Tafadhalini tusiwapeleke watu madirishani na maneno ya kuokota. Mimi ni mkalimani, kila wiki nakaa na mtu aliyekuja na ushauri wa humu.

Na hanko ya Fundi vilevile. Ofisi nyingi ziliacha kudai mihuri tangu zile kelele za waziri Kono Taro mwaka 2020. Pale dirishani haikusaidii kitu.

Mama Kulwa, unachofanyiwa wenyeji wana jina lake: *tarai mawashi*, kuzungusha beseni. Zamani ulikuwa mchezo wa sarakasi, mtu analala chali analizungusha beseni kwa nyayo. Siku hizi beseni ni mwananchi. Nakwambia hivi usije ukadhani ni rangi yako. Wajapani wenyewe wanazungushwa, sema wao wanazunguka kimyakimya. Yule kijana si mkorofi. Baada ya miaka mitatu hivi anahamishiwa dirisha jingine, na akianzisha jambo lisilo na mfano, faili linamfuata. Ukimuuliza "inawezekana?" atajibu haiwezekani. Mwambie "mji fulani walifanya hivi". Mpe mfano wa kujificha nyuma yake.

Kipo kitu kimoja: mgeni akitaka kusajili inkan (muhuri rasmi) ya katakana, katakana ile huandikwa kwenye sehemu ya biko, yaani maelezo ya ziada, ya juminhyo. Jaribu kuingilia hapo.

---

Kutoka: Mzee Sefu, Yokohama
Ijumaa, 17 Oktoba, saa 2:58 asubuhi

Bi Rehema, koseki naijua. Mke wangu anayo na watoto wangu wamo. Nilikuwa nchi hii wewe hujui hata kushika hashi, vijiti vya kulia.

---

Kutoka: Mama Kulwa (Saitama)
Jumamosi, 18 Oktoba, saa 5:30 asubuhi

Asanteni wote. Da Rehema, hilo la biko nitauliza Jumatatu. Ila kuna ofisi iliyowahi kuwafanyia? Maana mmesema nipeleke mfano.

Niwasimulie ya jana. Bibi jirani yangu, ana miaka 81, alileta kairanban, faili la matangazo ya mtaa, niweke alama niipitishe. Aliniona nimevimba macho, akaingia, akakaa pale genkan, mlangoni, nikamweleza. Akaniambia niandike ile ya benki, ングワシ. Akaitazama, akaanza kucheka hadi akashika ukuta.

Mnajua ule mchezo wa watoto, shiritori? Unasema neno, mwenzako anaanza na silabi uliyomalizia. Ukisema linaloishia na ン umeshindwa, kwa kuwa Kijapani hakina neno linaloanza na ン. Sasa bibi anasema wajukuu zake hawashindwi, wakibanwa wanataja ンゴロンゴロ. Ngorongoro! Yeye alidhani wamelitunga wenyewe. Nikamwambia bibi, lipo, ni bonde kubwa la volkano, wanyama wamejaa ndani, na sisi Wasukuma hatuko mbali na huko. Akaniuliza, "Kwa hiyo kwenu kuna maneno mengi ya ン?" Nikamtajia: ng'ombe, ngoma, nguo, ndizi, mbu. Anarudia moja moja. Ng'ombe alishindwa, ila mbu kalipata. Kulwa na Doto wamekaa pembeni wanamsahihisha.

Baadaye nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kumuuliza mtu humu mtaani, habari ya uchaguzi wa Julai na wale wa "Wajapani kwanza". Hakukwepa. Alisema mjukuu wake mkubwa aliwapigia kura. "Wewe hakujui," akasema. "Mchele anaujua." Akanikumbusha ule mfuko wa kilo 5 ulivyovuka yen 4,000, mara mbili ya mwaka uliotangulia, na waziri wa kilimo akasimama kusema yeye hajawahi kununua mchele, anapewa na wafuasi wake. Alijiuzulu mwezi wa 5, ila bibi bado ana hasira naye kuliko alivyo na hasira na mgeni yeyote. "Mtu anayepewa mchele bure," alisema, "atajuaje nchi imefika wapi?"

Wakati anatoka akasema atanisindikiza dirishani. Nimekataa, miguu inamuuma.

---

Kutoka: Mkenya wa Kawaguchi
Jumamosi, 18 Oktoba, saa 8:11 mchana

Samahani nimechelewa, sisi tuko kwa matanga. Baba Raila ametuacha akiwa huko Kerala, India, hata kazi sifanyi vizuri wiki hii.

Sasa huyo bibi ni mzuri, Mungu amweke. Lakini msituambie yote ni mchele. Sanseito, hao wa "Wajapani kwanza", walipata viti 14 Julai. Mimi niko Kawaguchi, karibu na Wakurdi, na kila wiki nawaona wale wa vipaza sauti wakija stesheni kuwatusi. Hao hawaongei bei ya mchele. Na sasa Takaichi, anayekuja kuwa waziri mkuu, alifungua kampeni yake na hadithi ya watu wanaopiga mateke paa wa Nara, kila mtu akajua ni kina nani wanasemwa. Bi Rehema anasema si rangi. Dada, wewe unaingia ofisini na hao watu kama mkalimani, umevaa suti. Jaribu kuingia na ovaroli ya site.

---

Kutoka: Bi Rehema, Osaka
Jumamosi, 18 Oktoba, saa 8:40 mchana

Sikusema hakuna ubaguzi. Nimesema dirisha namba 7 si ubaguzi. Nisome vizuri kaka. Na pole kwa msiba.

---

Kutoka: Mwalimu wa Yamagata
Jumamosi, 18 Oktoba, saa 1:05 usiku

Wapendwa, kwa kuwa mmegusa siasa, mimi yamenikuta yale ya Nagai. Mnakumbuka JICA, shirika la misaada la Japani, walitangaza wakati wa TICAD, ule mkutano wa Japani na Afrika, Agosti, miji minne kuwa "homutaun" za nchi nne: Kisarazu na Nigeria, Sanjo na Ghana, Imabari na Msumbiji, na Nagai huku kwetu na Tanzania. Nia ilikuwa kubadilishana wageni na michezo tu. Nagai walishakuwa na uhusiano na Tanzania tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Ila gazeti moja la nyumbani likaandika kana kwamba Japani imetukabidhi mji. Nigeria nao serikali yao ikatoa taarifa ya viza maalumu ambayo haikuwepo. Ofisi za miji hiyo zikapigiwa simu za matusi mfululizo. Tarehe 25 Septemba JICA wakaufuta mpango mzima.

Mimi siishi Nagai ila si mbali. Jirani yangu ni mkulima. Alikuja na tufaha mkononi, heshima zote, akaniuliza: "Sensei, mnakuja wangapi?" Nikamjibu, "Mimi mmoja, na nilishakuja mwaka 2014." Tulicheka, lakini alikuwa anauliza kweli.

Alinieleza kosa lilipo, na sijaliona kwenye gazeti lolote. Kwa masikio yao, "hosutotaun" ni mwenyeji anayekupokea na utaondoka. "Homutaun" ni furusato, pale kitovu chako kilipozikwa. Hiyo haigawiwi ofisini Tokyo. Angalia, alisema, kijiji changu vijana wote wamehama, shule imefungwa, furusato hii wajukuu zangu wenyewe hawaitaki. Halafu nasikia imepewa mtu. Alichokisikia hapo ni aibu, kabla hata ya hofu.

Kisha, bila mimi kuuliza, akaanza habari za Ikangaa. Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni! Anakumbuka alivyokuwa akikimbia mbele toka mwanzo mpaka mwisho bila kuangalia nyuma. Alimwona kwenye televisheni akishinda Fukuoka mwaka 1983.

---

Kutoka: Mzee Sefu, Yokohama
Jumamosi, 18 Oktoba, saa 1:31 usiku

Mwalimu, Fukuoka 1983 alishinda Seko, Mjapani. Alimfuata Ikangaa kama kivuli, wakaingia uwanjani, akamchomoka mwishoni kabisa, tofauti sekunde 3. Ikangaa alishinda Tokyo 1984 na 1986, na Fukuoka 1986. Msipotoshe. Na hili wala si la koseki, Bi Rehema.

---

Kutoka: Mwalimu wa Yamagata
Jumamosi, 18 Oktoba, saa 1:40 usiku

Nimesahihishwa Mzee, shikamoo. Mkulima labda alikuwa ananiheshimu.

---

Kutoka: Fundi wa Hamamatsu
Jumapili, 19 Oktoba, saa 4:00 asubuhi

Mimi nawauliza nyie mnaochambua wabunge wa watu. Tarehe 29 kwetu kuna uchaguzi. Nani humu atapiga kura? Hakuna. Uraia pacha tunaimbiwa tangu sijaoa. Mwaka huu tumepewa "hadhi maalum". Ina maana gani, niingie kwa mlango wa pembeni kwetu?

---

Kutoka: Mkenya wa Kawaguchi
Jumapili, 19 Oktoba, saa 4:09 asubuhi

Sisi uraia pacha tulipata na katiba ya 2010. Nasema tu.

---

Kutoka: Fundi wa Hamamatsu
Jumapili, 19 Oktoba, saa 4:12 asubuhi

Lakini Japani hairuhusu, kwa hiyo unautumia wapi? Nasema tu.

---

Kutoka: Mama Kulwa (Saitama)
Jumatatu, 20 Oktoba, saa 11:50 jioni

Jamani, nimerudi dirishani leo. Bibi alikataa kukatazwa, akaja na fimbo yake na kofia ya jua. Nimeomba kusajili inkan ya katakana kama Da Rehema alivyoelekeza. Kijana akaita mkubwa wake, mkubwa akaita mwingine, wakawa watatu na kitabu kinene. Wakaniuliza katakana ninayoitaka ni ipi. Nikasema ya benki. Wakasema hiyo inaanza na ン, mfumo hawana uhakika kama utaikubali. Bibi akawaambia kwa sauti, ukumbi mzima unasikia: "Mbona Ngorongoro inaandikwa?" Wakainama wote watatu. Wakasema "kento shimasu", yaani tutalifikiria, watanipigia.

Sasa hapo ni ndiyo au hapana? Na bado hakuna aliyenijibu kama kuna mji uliowahi kufanya hivi. Malipo mengine ni Desemba.

---

Kutoka: Mzee Sefu, Yokohama
Jumatatu, 20 Oktoba, saa 12:15 jioni

Mwanangu, miaka 34 nimesikia "kento shimasu". Maana yake ni nenda nyumbani ukapike.

---

Kutoka: Bi Rehema, Osaka
Jumatatu, 20 Oktoba, saa 12:22 jioni

Si lazima. Inategemea ameisema huku anaandika au mikono mitupu. Alikuwa anaandika?

---

Kutoka: Fundi wa Hamamatsu
Jumatatu, 20 Oktoba, saa 2:30 usiku

Wakati mnamsubiri, nani anajua duka la mtandaoni lenye sembe kwa bei ya binadamu? Nimebakiza kilo moja. Dagaa nimeshapata dawa, nanunua niboshi, dagaa wao wakavu, natoa vichwa, nakaanga na nyanya na pilipili. Mke wangu Mjapani anasema nyumba inanuka supu ya miso. Nikifumba macho mimi naiona Kirumba, soko la samaki Mwanza.