Tupeane uzoefu: mnapigaje picha alama za kila siku za mitaa ya bandarini?

Ghala la Kona (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Napiga picha kwenye mitaa inayopakana na magati, na ninachotafuta si meli kubwa wala machweo. Natafuta vitu ambavyo watu huelekezana navyo: "ukifika kwenye bomba la moshi, kata kushoto", "nisubiri pale kwenye nanga iliyopakwa rangi", "mkabala na mizani ya malori". Vingi havimo kwenye orodha yoyote ya majengo ya kulindwa. Vikibomolewa, ndani ya miaka michache hata wenyeji wanabishana vilikuwa upande gani wa barabara. Hilo linaniuma sana.

Mimi huanza na watu. Namweleza mchukuzi au dereva wa lori ninachofanya, kisha namwomba anielekeze kana kwamba ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Alama inayotajwa na wengi ndiyo ninayoipiga kwanza, tena kutoka upande ambao watu huijia, kwa kimo cha macho ya mtu anayetembea. Bomba la moshi likipigwa kutoka juu ya paa hupendeza, lakini hakuna mtu mtaani anayelijua kwa sura hiyo.

Nyie wenzangu mnafanyaje?

Bamvua

Mkuu, mada nzuri. Kwangu mimi gatini kila kitu kina sura mbili, ya maji kujaa na ya maji kupwa. Ngazi ya mawe ambayo maji yakijaa huonekana vidato vya juu tu, yakipwa inatoka nzima: mwani, chaza walioganda, pete za chuma za kufungia mashua, na mstari mweusi unaoonyesha bahari hufika wapi. Picha moja haitoshi kuieleza ngazi hiyo.

Hapa jedwali la maji lina thamani kuliko lenzi ghali. Katika pwani nyingi maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo unaweza kupanga mapema siku ambayo maji makavu yatakutana na mwanga wa asubuhi. Ila kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa mahali pamoja hupwa kabisa karibu saa zile zile kila yanaporudi. Kama kwenu bamvua hupwa saa sita mchana, usitarajie kuona sakafu ya gati ikiwa wazi kabisa alfajiri. Utachagua: mwanga laini na maji mafu ambayo hayashuki sana, au ngazi nzima chini ya jua kali. Mimi huchagua ngazi nzima, na vivuli vikali navichukua vilivyo.

Reli Mbili

Kuhusu mwanga, mimi nasubiri mawingu. Bernd na Hilla Becher wa Ujerumani walianza mwaka 1959 kupiga matangi, minara ya maji na mitambo ya migodi, wakipendelea anga la kijivu na kusimama mkabala na kitu. Bila kivuli kikali unaiona kila ribiti ya kreni. Halafu msiinue simu kuelekea juu, mistari ya jengo inainamiana. Rudi nyuma, au omba kupanda ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara, ushike kamera wima.

Taa ya Geti

Ndugu zangu, usalama kwanza. Tangu Julai 2004 bandari zinazopokea meli za safari za kimataifa zinafuata kanuni za kimataifa za ulinzi, ndiyo maana uzio na walinzi ni wengi. Mimi namfuata mlinzi kamera ikiwa bado begani, namwonyesha picha za mtaa nilizokwisha kupiga, namuuliza mpaka uko wapi. Akikataa, naondoka. Kutoka barabarani kuna kazi tele.

Kamba Nene

Baba yangu alikuwa kuli, na nampelekea picha zangu zote. Nilimwonyesha ukingo wa gati la zamani, jiwe tu, nikidhani kilichonivutia ni rangi yake. Akanionyesha mifereji iliyochongeka kwenye jiwe: ni kamba za meli zilizolisugua miaka na miaka. Tangu hapo sipigi ukingo kwa mbali, napiga magoti jua likiwa limelala ubavuni ili mifereji ijae kivuli.

Yeye aliwahi kubeba magunia kabla kazi haijahamia kwenye makontena. Mwaka 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, na makontena 58, na mfumo huo ulipoenea, maghala ya mjini yalikosa mzigo na meli zikahamia kwenye kina kirefu na viwanja vipana. Kwa hiyo milango ya juu ya ghala isiyo na ngazi, na boriti yenye kapi iliyochomoza juu yake, ni ushahidi wa kazi ya watu kama baba. Pigeni hivyo vitu pamoja na ardhi iliyo chini yake, mtazamaji aone mzigo ulining'inia kutoka wapi hadi wapi.

Ghala la Kona

Kamba Nene, mpe mzee shikamoo yangu. Tafadhali mrekodi sauti akizitazama hizo picha, kila sauti iwe na namba ya picha yake.

Kigingi

Nachangia kidogo. Mimi narudia sehemu zile zile kila msimu. Naandika nilisimama wapi (kona ya mfuniko wa mtaro, kwa mfano), kimo cha kamera, lenzi, saa, na nilielekea upande gani. Saa ya kamera naikagua kabla ya kutoka. Nguzo ya taa ikihamishwa, nikiweka picha mbili sambamba inaonekana mara moja.

Swali kwa Bamvua: ukirudi kwenye ngazi yako, unalinganisha kwa saa au kwa kimo cha maji?

Bamvua

Kwa kimo cha maji. Nahesabu vidato vilivyo wazi, naandika.