Vitabu vya mtaa na watu waliohamia mjini, nisome nini baada ya hiki?

Kijana wa Mwanjelwa:
Wadau habari za jioni. Huku Mbeya baridi ya mwezi wa saba imekaza kweli, juzi nimejifungia ndani nikamaliza The Lonely Londoners cha Sam Selvon, cha mwaka 1956, kinahusu watu wa visiwa vya Karibea waliohamia London kutafuta maisha. Aisee. Kuna mama mtu mzima anaitwa Tanty, anakaa maeneo ya Harrow Road, anamkomalia mzungu mwenye duka mpaka anakubali kukopesha watu wa mtaa, unachukua vitu unaandikwa unalipa ukipata mshahara. Hapo nilimuona mama yangu kabisa, amesimama dukani kwa Mkinga, yule mwenye duka wa kabila la Wakinga wa Makete, lile daftari limetobolewa pembeni linaning'inia na kamba kwenye msumari, anasema niandikie sukari robo na mafuta ya kupima.
Sasa naomba vingine vya namna hiyo, mtaa wenyewe uonekane, harufu zake, majirani, choo cha kushea, sio hadithi inayotaja jina la mji halafu basi. Vya Kiswahili pia, nina mdogo wangu yupo form three nataka tusome wote.

Dada wa Kihesa:
Kamwene kaka. Mtafute M.G. Vassanji, kazaliwa Nairobi ila kakulia Dar. Uhuru Street ni hadithi fupi za Wahindi wa mtaa huo huo wa Dar, ule ambao zamani ukiitwa Kichwele. Halafu No New Land, hicho ndo ninachokipenda zaidi, watu wale wale wa Dar wamehamia Toronto, wamejazana kwenye ghorofa moja maeneo ya Don Mills, huku mtu anapika chapati za kuuza, kule sambusa, yani wamebeba mtaa wao wakausimamisha wima. Nurdin, baba wa familia, anahangaika na kazi mpaka unamuonea huruma. Vyote vimetoka 1991 na ni vya Kiingereza, anza na hadithi fupi ili mdogo wako asichoke.

Mwalimu Njombe:
Kwa Kiswahili kijana wangu mpe Vuta n'kuvute cha Adam Shafi. Yasmin ni binti wa Kihindi, anaozeshwa mzee asiyemtaka, anakimbia, ndugu zake wanamkataa, anayempokea ni Mwajuma, kule Ng'ambo. Huo ni mwendo mfupi tu kwa miguu ndani ya mji huo huo wa Zanzibar lakini kwake ni kuhamia nchi nyingine, chakula kingine, ngoma nyingine. Nimekisomesha miaka mingi na bado nikifika hapo nasoma taratibu.
Wewe mwenyewe soma By the Sea cha Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Nobel 2021. Mzee Saleh Omar anatua Gatwick kuomba hifadhi, kwenye begi ana kisanduku cha udi, na afisa wa uhamiaji anakichukua. Kitu pekee chenye harufu ya kwao kinabaki uwanja wa ndege. Ukisoma hapo utaelewa kwa nini nasema.

Mtoto wa Makete:
Mwalimu shikamoo. Naongezea kwenye hilo la Yasmin, kuhama sio lazima uvuke bahari. Mzee wangu alishuka kutoka Makete na shuka moja, wakapanga wanne chumba kimoja Mbeya, alianza na viberiti na nyuzi amepanga chini kwenye turubai. Jumapili wakitoka kanisani watu wa kwao wote wanajaa kwenye kile chumba, nani kafika jana, nani mgonjwa, nani anatuma mzigo nyumbani. Nimesoma hicho cha Selvon, kile chumba cha Moses, mhusika mkuu, kinachojaa watu Jumapili asubuhi ni hicho hicho kabisa, tofauti wao gesi, sisi mkaa. Sijawahi kukutana na riwaya ya hawa watu wetu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, na inaniuma, wazee wanaondoka.

Kijana wa Mwanjelwa:
Mwalimu shikamoo, dada na kaka ndaga fijo, asanteni sana. Vuta n'kuvute naanza kukitafuta kesho, mwenye nakala hapa Mbeya tuwasiliane. Kaka wa Makete ulichoandika kilinifanya nimuulize mama usiku huo huo kuhusu lile daftari. Kasema Mkinga alikuwa haandiki majina ya watu, aliandika walikotoka. Mama Tukuyu, Mama Chunya, Fundi Ileje, Baba Rungwe wa pili kwa sababu walikuwa wawili. Yeye alikuwa Mama Kyela, na anasema miaka ile mtaa mzima hakuna aliyemjua kwa jina lingine.