Uvimbe wa shingoni unaodunda, mtoto kazaliwa nao

Jamani wadau naombeni mawazo. Mwanangu ana miaka 9, tangu azaliwe ana kiuvimbe shingoni chini ya taya, tukaambiwa ni alama ya kuzaliwa kitaisha chenyewe, sasa mwaka huu kimekua, pana joto kuliko upande mwingine na ukiweka kidole kinatetema kama simu iliyo kwenye vaibresheni. Usiku analalamika sikio linavuma vuu vuu. Wamempiga ultrasaundi ya Dopla (ile inayoonyesha damu inavyopita) wakasema ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) imeungana moja kwa moja na vena (unaoirudisha). Babu yake anasema wakaufunge tu huo mshipa yaishe. Kuna aliyepitia?

Jibu 1
Pole sana mama. Kawaida damu ya ateri inapita kwanza kwenye vile vimishipa vyembamba sana (kapilari), presha inashuka ndo inaingia kwenye vena. Kwa dogo hiyo njia ya katikati haipo, damu inavamia vena na presha yake yote, ndo huo mtetemo. Na hakiishi chenyewe, kinachosinyaa ni hemanjioma (uvimbe wa mishipa ya damu wa watoto wachanga), ile huwa inakua kwa kasi mwaka wa kwanza halafu inapungua taratibu. Hiki cha kwenu mara nyingi kinachachamaa akibalehe au akiumia pale.

Jibu 2
Hapo kwa babu KATAA, kwa heshima lakini kataa 😅 mimi nina shida hiyo hiyo, nilifungwa ateri moja nikiwa na miaka 14, mwanzoni shwari kabisa, baadae damu ikatafuta vichochoro vingine kikarudi kikubwa kuliko mwanzo, na mbaya zaidi ile njia ya kupitishia mrija wa kutibu kwa ndani tulishaiziba wenyewe. Walihangaika sana kupata njia nyingine, wakapitisha mrija mwembamba toka kwenye paja mpaka shingoni, wakaziba kwa ndani na kitu kama gundi, kesho yake wakakata uvimbe wote. Na mtu asikate kinyama cha kupima kabla ya picha za mishipa, panatoka damu balaa.

Muuliza swali
Asanteni, mmenifumbua macho. Je na moyo? Maana akicheza kidogo tu anahema.

Jibu 1
Hilo usilipuuze mama, mwambie dokta wiki hii hii. Njia ikiwa kubwa moyo unasukuma damu nyingi inayozunguka bure, mwisho unachoka. Omba apimwe eko (ultrasaundi ya moyo).

Muuliza swali
Nimeweka sikio shingoni kwake saa hizi amelala, kweli panavuma. Asubuhi tunaenda.